Utani Usio na Mtani

Mwaka 1963 kampuni ya utangazaji ya CBS ya Marekani ilitangaza kuwa imeuza kipindi chake cha vichekesho kwa nchi mbili za Afrika, Nigeria na Kenya. Haukupita muda, ofisa wa serikali ya Kenya akasema kipindi hicho kitapigwa marufuku nchini mwake. Huo ndio mwaka Kenya ilipopata uhuru. Kipindi chenyewe kiliitwa Amos 'n' Andy. Kilikuwa kimewachekesha Wamarekani kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza redioni kisha kwenye televisheni, na katika miaka yake ya mwanzo hakikuwepo kipindi kingine cha redio nchini humo kilichosikilizwa na watu wengi kama hicho. Kilijengwa juu ya kuwacheka watu weusi, na sasa kilikuwa kinauzwa kwa watu weusi.

Habari hii nawaletea wasomaji wa Bukoba na Muleba kwa sababu maikrofoni imetufikia nasi. Zamani vichekesho vya redio vilitoka Dar es Salaam. Wazee wa Kanyigo, Rubya na Kamachumu wanakikumbuka kipindi cha Pwagu na Pwaguzi cha Radio Tanzania, kilichowakusanya majirani kuizunguka redio moja ya betri. Leo mkoa wetu una redio zake, na kijana wa Muleba mwenye simu hahitaji hata redio. Anarekodi dakika mbili, anazituma, na kabla jua halijazama zimeshasikika Kashai, Mwanza na Kariakoo. Ni neema kubwa, nami naifurahia. Lakini nikivisikiliza vichekesho hivyo, vingi sana vimesimama juu ya mguu mmoja tu: kuigiza namna watu wa kabila fulani wanavyoongea. Amos 'n' Andy nacho kilisimama hapo hapo, na inafaa tujue mapema kilivyoishia.

Walikuwa wanaume wawili, wote Wazungu. Freeman Gosden alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1899; Charles Correll alizaliwa Peoria, Illinois, mwaka 1890. Walifahamiana wakiwa waajiriwa wa kampuni iliyozunguka miji midogo ikiandaa maonyesho ya jukwaani ya aina iliyopendwa sana Marekani wakati ule: Wazungu hujipaka weusi usoni, kisha huimba, hucheza na kuongea kama wanavyodhani watu weusi huongea. Walipoingia redioni hawakuhitaji tena kujipaka kitu. Sauti ilitosha.

Tarehe 12 Januari 1926 walianza kipindi kiitwacho Sam 'n' Henry katika kituo cha WGN, Chicago. Kilihusu watu weusi wawili waliotoka kusini na kwenda Chicago kutafuta maisha. Baada ya kama miaka miwili walitaka kukirekodi kwenye santuri ili vituo vingine navyo vikipige. WGN ikakataa, wakaondoka, na jina la kipindi likabaki kuwa mali ya kituo. (Wachekeshaji wetu wanalijua hilo. Kundi la Ze Comedy lilipohama EATV kwenda TBC lililazimika kuitwa Ze Orijino Komedi. Vijana, someni mikataba kabla ya kutia saini.) Tarehe 19 Machi 1928 wawili hao wakaanza upya katika kituo cha WMAQ, palepale Chicago, wakiwa na wahusika wapya, Amos na Andy. Tarehe 19 Agosti 1929 mtandao wa NBC ukakichukua kipindi na kukirusha nchi nzima, mdhamini akiwa dawa ya meno ya Pepsodent.

Tuwape haki yao: walikuwa hodari. Kila jioni walikuwa na dakika kumi na tano za hadithi inayoendelea, na kila jioni msikilizaji aliachwa akitamani kesho ifike. Amos alikuwa mchapakazi na mwenye imani. Andy alikuwa mvivu na mwenye majivuno. Walimiliki kampuni ya teksi yenye gari moja lisilo na paa. Alikuwepo na bwana mmoja aliyejiita Kingfish, kiongozi wa chama chao cha udugu, ambaye kazi yake ilikuwa kubuni njia za kuwatoa wenzake fedha mifukoni. Gosden na Correll waliandika wenyewe na kwa miaka mingi waliziigiza wenyewe karibu sauti zote. Inakadiriwa kuwa kileleni mwa umaarufu wao walisikilizwa na watu wapatao milioni 40. Kumbi za sinema zilisimamisha filamu saa ya kipindi ilipofika, zikawafungulia wateja redio, kwa kuwa bila hivyo wateja wangebaki nyumbani.

Na jambo walilolisimulia lilikuwa la kweli. Miaka ile watu weusi kwa maelfu walikuwa wanahama mashamba ya pamba ya kusini kwenda Chicago, Detroit na New York. Sisi Wahaya tunauelewa mwendo huo. Babu zetu walikwenda Kampala na Nairobi, baba zetu Mwanza na Dar es Salaam, na mgeni mjini hutenda mengi ya kuchekesha. Anayemcheka mgeni huyo kwa upendo hafanyi kosa. Kasoro ilikuwa kwingine: wahamiaji wenyewe hawakuwa na dakika hata moja katika zile kumi na tano. Waliongelewa, wakaigizwa, wakatafsiriwa, kila jioni, na watu wawili ambao hawakuwahi kuishi maisha yao.

Dalili za hatari zilionekana mapema sana, nami naomba tutulie hapa.

Ya kwanza ilitoka kanisani. Mwaka 1930, kipindi kikiwa ndiyo kwanza kimeenea nchi nzima, Askofu W. J. Walls wa kanisa la Wamethodisti weusi la AME Zion aliandika makala katika jarida la Abbott's Monthly akikilaani. Aliona kwamba wahusika walifanywa wajinga na mazungumzo yao ya ovyo, na kwamba hilo liliwashusha watu wake mbele ya taifa. Hakuwa mtu wa kupuuzwa, lakini kipindi hakikubadilika.

Mwaka uliofuata gazeti la Pittsburgh Courier, moja ya magazeti makubwa ya watu weusi, likiongozwa na Robert L. Vann, lilianza kukusanya saini likitaka kipindi kiondolewe hewani. Lilikusudia saini milioni moja. Halikuzifikisha, ila lilitangaza kuwa limepata mamia ya maelfu. Hebu mtangazaji wa Bukoba ajiulize angefanya nini kama mamia tu ya watu wa Ngara au Biharamulo wangemwandikia kwamba anawaumiza. NBC iliendelea, mdhamini akaendelea, na kufikia mwishoni mwa 1931 gazeti likaachana na kampeni hiyo.

Wenye kipindi walikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote kwa sababu nalisikia kwetu kila mara: mbona wenyewe wanacheka? Ni kweli walicheka. Agosti 1931, wakati Courier likikusanya saini, gazeti jingine la watu weusi, Chicago Defender, liliwaalika Gosden na Correll kuwa wageni wa heshima katika sherehe yake ya watoto jijini Chicago, na umati uliwashangilia. Watu weusi wengi walikipenda kipindi. Ila kicheko cha mtu anayechekwa kina sababu nyingi. Wapo wanaocheka kwa sababu jambo linachekesha kweli. Wapo wanaofurahi kwamba hata kwa njia hiyo wametajwa. Na wapo wanaocheka kwa sababu wakinuna watacheka wengine zaidi. Yeyote aliyewahi kukaa ofisini Dar es Salaam na kusikia hadithi ya Mhaya ikianza anaifahamu sababu hiyo ya mwisho. Kicheko cha namna hiyo kilihesabiwa kuwa ruhusa, na saini za waliokataa hazikuhesabiwa.

Dalili nyingine ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 1930 Gosden na Correll waliigiza katika filamu, Check and Double Check, na sasa ilibidi waonekane. Wakajipaka weusi. Ndani ya filamu hiyohiyo imo bendi ya Duke Ellington, mwanamuziki mweusi aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wa zama zake. Watu weusi wa kweli walikuwepo, wenye vipaji vya kutosha, wamesimama hatua chache kutoka kwa wale waliojipaka. Nani angeshindwa kuliona hilo? Lakini tunapofurahishwa na kitu hatukitazami, na hapo mimi nawe hatuna kinga.

Mwaka 1943 kipindi kiligeuzwa kuwa cha nusu saa kwa wiki, na waigizaji weusi wakaongezeka, baadhi yao hodari kweli, kama Ernestine Wade aliyeigiza Sapphire, mke wa Kingfish. Ungedhani mambo yamenyooka. Kumbe walipewa kuigiza watu ambao tayari walikuwa wameumbwa na wengine. Ilidhihirika zaidi kilipohamia televisheni mwaka 1951. Kwenye televisheni Wazungu wawili hawangeweza kuonekana, hivyo wakatafutwa weusi: Alvin Childress akawa Amos, Spencer Williams akawa Andy, Tim Moore akawa Kingfish. Williams alikuwa mtu mzima aliyewahi kuongoza filamu zake mwenyewe. Miaka mingi baadaye alieleza jinsi alivyogombana na Gosden kuhusu matamshi. Gosden alitaka aongee ile lafudhi ya kuvunja maneno, akidai anajua Amos na Andy wanavyopaswa kuongea. Williams akamjibu kwamba yeye ndiye anayejua watu weusi wanavyoongea, kwa kuwa amekuwa mmoja wao maisha yake yote.

Fikirini mwigaji alikokuwa amefika. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa ameiga sauti ya watu, na sasa mwenye sauti aliposimama mbele yake, alimsahihisha.

Kipindi cha televisheni kilianza Juni 1951. Mwezi huohuo chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilikutana Atlanta kikapitisha azimio la kukipinga. Sababu zake zilikuwa wazi. Hiki kilikuwa kipindi pekee cha televisheni chenye waigizaji weusi watupu, na ndani yake karibu kila mtu alikuwa kichekesho au tapeli: mwanasheria mwoga na mjanja, daktari wa uongo, wanawake wa kupiga makelele. Mamilioni ya Wazungu ambao hawakuwa na rafiki hata mmoja mweusi wangeamini kwamba ndivyo watu hao walivyo. Upigaji wa vipindi vipya ulikoma mwaka 1953, na CBS ikaacha kusambaza marudio mwaka 1966. Redioni kipindi kilimalizika tarehe 25 Novemba 1960. Sehemu kubwa ya zile dakika kumi na tano za awali haikuhifadhiwa katika rekodi, maana zilikwenda moja kwa moja hewani. Maandishi yake yapo maktaba. Kazi ya maisha ya watu wawili wenye kipaji kikubwa haiwezi leo kuchezwa mbele ya watoto bila maelezo marefu.

Najua swali linalokuja. Mwafrika ana utani. Wasukuma na Wazaramo hutaniana, Wangoni na Wasukuma hutaniana, hata msibani mtani huruhusiwa kusema yasiyosemwa na mwingine. Je, tuuache urithi huo kwa ajili ya mambo ya Chicago?

Tusiuache hata kidogo. Ila tukumbuke utani unavyofanya kazi. Mtani yupo. Amekaa mbele yako, amekusikia, na zamu yake ikifika atakulipa kwa kipimo kilekile au zaidi. Unajua hilo kabla hujafungua mdomo, na kujua huko ndiko kunakokutia adabu. Tena mtani wako wa msibani ndiye atakayeshika jembe kuchimba kaburi. Ana haki kwa sababu ana wajibu. Redio na simu vimechukua maneno ya utani vikaacha huo wajibu nyuma. Anayeigizwa hayupo studio. Hana zamu. Akilalamika anaambiwa hajui mzaha.

Sisi watu wa Kagera tumeonja hali hiyo. Hadithi za Mhaya mwenye majivuno, anayechanganya Kiingereza na kutaja vyeti vyake, zimesimuliwa nchi nzima. Nyingi hazina sumu, nasi wenyewe tunazisimulia tukiwa kwenye rubisi. Lakini kuna mzaha wa pili, ule wa wanawake wetu, uliowaandama tangu enzi za ukoloni kwa sababu baadhi yao walikwenda mijini kutafuta fedha. Kisha wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini wakaripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba tulikuwa tunazika, nyumba zinabaki na bibi na wajukuu, na binti wa Kihaya aliyekwenda kusoma au kutafuta kazi mkoa mwingine alikuta mzaha ule wa zamani unamngoja, sasa ukiwa na meno. Waliousimulia hawakukusudia kumuumiza. Walikuwa wanachekesha tu.

Kwa kuwa tumeonja, tungetarajiwa kuwa waangalifu kuliko wengine. Sivyo ninavyosikia. Vichekesho vingi vinavyorekodiwa kwetu vinamwigiza Mrundi au Mnyarwanda anayekuja kulima mashamba yetu ya migomba na kuchuma kahawa yetu. Vinamwigiza mvuvi wa visiwa vya Bumbile, Ikuza na Goziba aliyetoka mikoa mingine, na mfugaji mgeni, na Mhangaza. Anaongea Kiswahili kilichovunjika, haelewi fedha, anadanganywa, tunacheka. Ni Andy yule yule, amevaa gambuti. Na kama ilivyokuwa Chicago, yeye hana kipindi.

Hapa mkoani kwetu jambo hili si la burudani tu. Redio RTLM ya Rwanda ilipoanza Julai 1993 haikuanza kwa kuhimiza mauaji. Ilianza kwa muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, tofauti na redio ya serikali iliyozoeleka. Kantano Habimana, mtangazaji wake aliyependwa kuliko wengi, alikuwa mchekeshaji hodari. Watu waliifungulia kwa sababu iliwafurahisha, na masikio yakazoea kidogo kidogo kusikia jirani akifanyiwa dhihaka. Mwaka uliofuata redio hiyohiyo ikawa inahimiza mauaji, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo. Siwaweki Gosden na Correll katika fungu hilo, wala kijana wa Muleba anayemwigiza kibarua. RTLM ilikuwa na watu waliokusudia uovu. Ninachoomba tukione ni kwamba walijua mlango wa kupitia, na mlango huo ulikuwa kicheko.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita, na baadhi yao walikuwa wameishi kwetu miongo kadhaa, wamejenga na kuzaa. Serikali ina haki ya kulinda mipaka. Lakini kwa mtu aliyekuwa jirani yetu, aliyeitikia msiba wetu na kulima nasi, ilitosha mtu mmoja kusema huyu haongei kama sisi. Masikio hayo ya kupima lafudhi hatukuyapata siku ya operesheni. Tulikuwa tumeyazoeza kwa miaka, tukicheka.

Basi tufanyeje, wenzangu tunaoandika, kutangaza na kurekodi? Mnayetaka kumwigiza, mtafuteni kwanza mmsikilizishe. Msimwangalie kama anacheka. Mwulizeni mkiwa wawili tu, pasipo wenzake, jambo gani limemkera, na akilitaja liondoeni bila kubishana. Mkiona katika vipindi vyenu vyote mtu wa kabila hilo hajawahi kuwa mwerevu wala kushinda, jueni mmefika walipofika wale wawili. Kiongozi wa dini au mzee akiwaonya, msingoje saini mia moja. Wenye redio nao wasijifiche nyuma ya idadi ya wasikilizaji, maana Pepsodent nayo ilikuwa na wasikilizaji wa kutosha.

Na lililo jepesi kuliko yote: mpeni maikrofoni. Kwenye mashamba ya Kamachumu na kwenye mialo ya Muleba wapo Warundi, Wajita na Wasukuma wanaojua kuchekesha kuliko sisi, na wana mengi ya kusema kuhusu tajiri wa Kihaya anayemhesabia kibarua ndizi za chakula cha mchana huku akimsimulia shule alizosoma. Nimewasikia wakituigiza jioni kazi ikiisha. Wanatupata barabara. Redio zetu ziwape nusu saa Jumamosi usiku, nasi tukae tuwasikilize.